Naombeni ushauri: nataka kumpeleka mama yangu Nice, Ufaransa, huu mji wa matajiri tutauweza?

BintiPongwe:
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Nina jambo naomba mnisaidie kabla sijalipia tiketi. Mama yangu ana miaka 68, amekuja kunitembelea hapa Hamburg kutoka Tanga. Viza yake imetolewa na Ujerumani na bado ana kama wiki saba kabla haijaisha. Mama ameuza bajia na vitumbua Ngamiani tangu sijazaliwa, na mimi nimesoma kwa hela ya karai lile. Nikiwa darasa la nne tulikuwa na kalenda ya dukani ukutani, na mwezi mmoja ulikuwa na picha ya mji uliopinda kandokando ya bahari, maji ya buluu, mitende, majengo meupe. Chini paliandikwa NICE. Mwaka ulipokwisha mama aliikata picha ile akaibandika juu ya kabati la vyombo, ikakaa hapo mpaka ikafifia. Hakuwahi kusema anataka kwenda. Alikuwa anaitazama tu akisubiri mafuta yapate moto.

Sasa nataka kumpeleka, siku tano, katikati ya Septemba. Nikishatoa nauli ya ndege nabaki na yuro 900 kwa watu wawili, kulala na kula humo humo. Lakini kila nikisoma habari za huko naona boti za mabilionea na hoteli za bei za kutisha, nguvu zinaniishia. Mama ana magoti mabovu, ngazi nyingi haziwezi. Anavaa dera na mtandio, hali nguruwe. Je, viza ya Ujerumani inatosha? Tulale wapi, tule nini? Na kubwa kuliko yote, sitaki afike pale watu wamtazame mpaka ajione mdogo. Waliofika naombeni mniambie ukweli.

MwanaKisauni:
Dada, la viza lisikusumbue. Kama Ujerumani ndiko anakokaa siku nyingi, viza hiyo inamwingiza Ufaransa bila kuomba nyingine. Bima ya safari aliyoonyesha ubalozini ni ile ya kuanzia yuro 30,000, na inatambulika nchi zote za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo abebe karatasi yake. Mpe mamako salamu kutoka Mombasa.

MkaziWaLikasi:
Dada, jambo. Mimi ni Mkongo, nyumbani Likasi, naishi Nice mwaka wa kumi na moja sasa na nafanya kazi jikoni hotelini. Mlete mama. Nakueleza nilivyowaeleza wazazi wangu walipokuja.

Kulala, msiangalie kabisa hoteli zinazotazama bahari. Tafuta chumba mtaa wa Libération au karibu na stesheni kuu ya Nice-Ville. Tramu, yaani treni ndogo ya mjini, namba 1 inapita hapo na inakushusha Place Masséna, uwanja wa katikati ya mji, ukitoka pale bahari ni mwendo wa dakika chache. Kabla ya kulipa waandikie waulize kama kuna lifti. Nyumba nyingi hapa ni za zamani, unaweza kupewa chumba kizuri ghorofa ya nne na ngazi nyembamba za mzunguko, mama akashindwa kutoka siku ya pili. Uliza pia kodi ya mgeni ya kila usiku, mara nyingi haimo kwenye bei unayoiona. Libération kuna soko la asubuhi ambalo wenyeji ndiko wanakonunua. Nyanya, zabibu, jibini, mkate, hapo mmeshapata chakula cha asubuhi kwa hela ndogo.

Uwanja wa ndege uko baharini kabisa, ndege inashuka kama inataka kutua majini, kwa hiyo mwambie mama mapema asishtuke. Tramu namba 2 inawatoa pale hadi mjini. Teksi achaneni nayo.

Sasa sikiliza jambo ambalo watu hawaambiwi. Uzuri wenyewe wa Nice haulipiwi. Ile barabara ya ufukweni, Promenade des Anglais, ina urefu wa kama kilomita saba, ni tambarare, na njiani kote kuna viti vya buluu vya umma. Unakaa bure hata kutwa, hakuna atakayekuuliza umeagiza nini. Kwa mtu wa magoti mabovu aliyekuja kuitazama bahari, sijui mji mwingine unaomfaa zaidi. Njia hiyo ilianza miaka ya 1820, wakaichangia Waingereza waliokuwa wakija kukimbia baridi ya kwao, ndiyo maana ina jina hilo. Mji wenyewe ulikuwa chini ya ufalme wa Sardinia, Ufaransa waliupata mwaka 1860 tu, na mkiingia mji mkongwe mtaona kuta za njano na nyekundu, nguo zimeanikwa madirishani, kama Italia vile.

Picha ya kalenda ya mama nadhani ilipigwa kutoka Colline du Château, kilima cha mwisho wa ufukwe. Huko juu ngome haipo tena, mfalme Louis XIV aliibomoa mwaka 1706, lakini ndipo unapouona mji wote umejipinda. Ngazi zake ni nyingi sana, msizijaribu. Kuna lifti ya umma ndani ya mwamba, mwisho wa barabara ya ufukweni, na ni bure.

Mtaona pia askari wenye bunduki wakizunguka, na vyuma vya kuzuia magari. Usiku wa 14 Julai 2016 watu 86 waliuawa pale Promenade, mtu alipowaendeshea lori kwa makusudi. Mwambie mama mwenyewe kabla hajauliza. Sisi wa hapa bado inatuuma.

MamaWaKingazija:
Mwanangu Binti Pongwe, mimi ni Mngazija, nimesoma Unguja, sasa niko Marseille miaka mingi. Huku kwetu Marseille Wangazija tumejaa, mtandio ni jambo la kila siku. Nice ni tofauti kidogo lakini hakuna cha kumtisha mama. Sheria ya Ufaransa inakataza kufunika uso mahali pa umma, kichwa hapana. Yale ya nguo za kuogelea zinazofunika mwili, mameya kadhaa wa huko walizipiga marufuku mwaka 2016, baraza kuu la mahakama za utawala likasimamisha amri ile ya Villeneuve-Loubet, mji jirani na Nice, mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Baadhi ya miji inarudia mara kwa mara, kwa hiyo akitaka kuingia majini na nguo zake soma kwanza kibao cha ufukwe. Kukaa na dera lake na kulowesha miguu hakuna wa kumgusa.

La pili, paspoti iwe mkobani kila siku. Ile reli ya pwani inakwenda mpaka Italia, na polisi wanapanda treni kukagua, hasa Menton, mji wa mpakani. Nakwambia kama mzazi, sisi weusi ndio tunaoulizwa kwanza. Akiwa na paspoti na viza inaisha dakika moja. Akiiacha hotelini siku inaharibika.

Halafu mfundishe neno moja tu, bonjour. Kila duka, kila basi, kila anayemuuliza jambo. Hawa hawapendi uanze na shida kabla ya salamu, na hapo mama yako wa Tanga atawaelewa haraka kuliko Wazungu wengine wanavyowaelewa. Nimeona mhudumu aliyenuna akibadilika uso kwa neno hilo.

Kwetu Kigoma:
Mkuu, samahani, kwa hela hiyo mimi ningempeleka Hispania. Bahari ni ile ile, bei nusu, na ufukwe una mchanga.

BintiPongwe:
Kaka asante, najua kwingine kuna unafuu. Ila picha ilikuwa ya Nice.

Shangazi MamaWaKingazija, shikamoo, na asante kwa la paspoti, nisingeliwaza. Kaka wa Likasi sijui nikushukuruje. Je, mama anaweza kuingia majini kidogo? Tanga anazoea kujipooza miguu jioni. Na chakula?

FundiSaaMaskat:
Mimi niko Maskat, tulipita huko na mke wangu. Jambo moja la chakula lililotuumiza. Tuliingia mgahawa mmoja bandarini, mhudumu akatuletea sinia la samaki wabichi tuchague. Kwenye orodha bei ilionekana ya kawaida, tukachagua mmoja mkubwa wa kushiba wawili. Bili ilipokuja tulidhani wamekosea meza. Kumbe pembeni kwa herufi ndogo imeandikwa bei ni ya gramu 100. Samaki yule alikuwa zaidi ya kilo. Mke wangu hakulia pale, alilia hotelini. Ukiona „100 g” popote, uliza jumla kabla hajapelekwa jikoni.

Vilevile vile vitanda na miamvuli vilivyopangwa ufukweni ni vya kukodi, na si rahisi. Kati yake kuna sehemu za umma, kaa huko na khanga zako.

MkaziWaLikasi:
Hilo la samaki ni kweli. Kula chakula kikubwa mchana, tafuta ubao ulioandikwa plat du jour, ni chakula cha siku na bei yake ni moja. Maji msinunue: sema „une carafe d'eau”, wanaleta jagi la maji ya bomba, ni bure kwa mujibu wa sheria na ni salama. Karibu na stesheni kuna mabucha na migahawa ya Watunisia na Waalgeria, nyama ya halali ipo. Muwe waangalifu na mboga zilizojazwa nyama, petits farcis, mara nyingi humo mna nguruwe. Pissaladière ni mkate wa vitunguu vilivyoiva polepole na samaki wadogo wa chumvi, haina neno.

Lakini cha kumwonyesha mama yako, kwa kazi yake, ni socca. Unga wa dengu, maji, mafuta ya zeituni, chumvi, basi. Unga ule ule wa bajia. Wanaumwaga mwepesi kwenye sinia kubwa la shaba, wanalisukuma ndani ya tanuri la kuni, linatoka limeungua kingo na katikati laini, wanalikwangua vipande vipande na kunyunyizia pilipili manga. Unauzwa kwa yuro chache, na unaliwa kwa mkono. Mpeleke mji mkongwe asubuhi, soko la Cours Saleya, siku yoyote isipokuwa Jumatatu. Jumatatu maua na mboga hakuna, wanauza vitu vya kale.

Kuhusu maji: ufukwe wa Nice ni wa mawe, mawe ya mviringo ya kijivu, hakuna mchanga. Yanateleza, na hatua tatu nne tu kina kimeshashuka ghafla. Siku ya mawimbi hata vijana yanawaangusha. Kwa magoti yake mimi ningemkataza. Pandeni treni mpaka Villefranche-sur-Mer, dakika kama saba, ufukwe uko chini ya stesheni, una mchanga wa chengachenga na maji yametulia ndani ya ghuba.

Monaco nayo, ile nchi ndogo ya jirani, msiogope. Treni dakika ishirini na kitu, stesheni imechimbwa ndani ya mwamba, na mji mzima una lifti za umma za bure kwa sababu umejengwa kwenye mteremko. Tazameni walinzi wa kasri wakipokezana saa tano na dakika hamsini na tano asubuhi, tazameni boti, mrudi Nice mle.

BintiPongwe:
Nimelipia. Usiku nne, Libération, ghorofa ya pili, lifti ipo, nimewaandikia mara mbili kuhakikisha. Nitaleta mrejesho.

BintiPongwe:
MREJESHO.

Wapendwa, tumerudi salama. Tumetumia yuro 840 na ushee.

Tulifika jioni. Mama alikataa kupumzika, akasema twende kwanza. Tramu ikatushusha Masséna, tukatembea taratibu mpaka barabara ya ufukweni. Alipoiona alisimama, akaushika mtandio kwa sababu ya upepo, akasema, „Kumbe ina sauti.” Nikamuuliza sauti gani. Ni yale mawe: wimbi likirudi nyuma yanagongana yote kwa pamoja, kama mtu anapepeta choroko kwenye ungo. Kwenye picha hilo halimo. Tulikaa viti vya buluu mpaka taa zikawaka. Mzee mmoja Mfaransa aliyekaa kiti cha tatu alimwambia bonsoir, mama akajibu bonjour, wakaitikiana kwa kichwa, kila mmoja akaendelea kutazama maji.

Kutazamwa nilikokuogopa kulikuwepo, sitaficha, mara mbili Monaco. Mama hakuona, au aliona akanyamaza, sikumuuliza. Kwenye treni ya kurudi polisi walikuja kweli, wakatukagua sisi na kijana mmoja Mweusi, wengine wakapitwa. Paspoti ilikuwa mkobani. Shangazi, Mungu akuweke.

Marekebisho kidogo kwa watakaokwenda: Villefranche ukishuka treni kuna ngazi za kuteremka ufukweni. Tulizishuka moja moja, kupanda tulipumzika mara nne. Ila alitia miguu majini karibu saa nzima, na goti la kushoto alisema limemshukuru.

Socca nilimpeleka siku ya pili. Alisimama mbele ya tanuri, hakukaa. Alitazama mikono ya yule kijana anavyomwaga unga, akaniambia, „Hajapiga sana, ndio maana haujavimba, na hataki uvimbe.” Akala vipande viwili akiwa kimya. Akasema imekosa kotimiri na kitunguu, lakini moto wa kuni anauheshimu. Kijana alipojua kuwa mama anapika unga huo huo kwetu miaka arobaini, alimsogeza akatazama ndani ya tanuri. Hiyo ndiyo picha niliyompiga, uso wote mwekundu kwa moto.

Mama amerudi Tanga Jumanne. Jana amenipigia, anataka kujua sinia lile la shaba linauzwa wapi na kipenyo chake ni kiasi gani.

MkaziWaLikasi:
Dada, machozi yamenitoka kazini. Masinia hayo yapo ya ukubwa tofauti, na mapya ni ghali. Jumatatu nitapita Cours Saleya kwa wauza vya kale niulize. Muulize mama mdomo wa jiko lake una upana wa sentimita ngapi.