Barabara ya Bibi Titi: je, kibao kinatosha kumkumbuka mtu?

Juzi nimepanda bodaboda Mnazi Mmoja kwenda Muhimbili kumwona mgonjwa. Tuko kwenye foleni, nikamchokoza dereva: hivi huyu Bibi Titi mwenye barabara alikuwa nani? Akageuza shingo kidogo. "Si mke wa Nyerere, mama?" Barabara anaijua hadi mashimo yake, mwenyewe hamjui.

Kila akifa mkubwa tunasikia: apewe barabara, apewe uwanja, asisahaulike. Mimi nabisha. Asiposimuliwa, kibao ni bati tu.

Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa ngoma hapa Dar. 1955 TANU, chama kilichopigania uhuru, ikamkabidhi kazi ya kuwaingiza wanawake, naye akapita kwenye vikundi vya lelemama, ngoma ya wanawake, akawakusanya kwa maelfu, wakati watumishi wa serikali wamekatazwa hata kujiunga. 1969 akakamatwa, kesi ya uhaini, kifungo cha maisha. Akatoka kwa msamaha 1972, na baada ya hapo wengi wakaona heri wasimtaje. Mengi tunayoyajua leo yalipona kwa sababu Susan Geiger, mwanahistoria wa Marekani, alikaa naye 1984 akamrekodi akijieleza kwa mdomo wake. Mgeni na kinasa sauti chake! Sisi tulikuwa wapi?

Najua kuna atakayeniletea habari za Mkapa. Kweli, alifariki Julai 2020, Uwanja wa Taifa ukapewa jina lake, na leo "kwa Mkapa hatoki mtu" wanaimba hadi watoto wa chekechea. Jina limeingia mdomoni, sikatai. Ila mtoto yule anamtaja Rais wa awamu ya tatu, au anaitaja Simba, timu ya mpira yenye msemo huo?

Kitu kimoja nakubali: bila kile kibao nami nisingeuliza. Nilimsimulia yule kijana njia nzima, foleni yenyewe ilitupa nafasi. Tumefika getini, natafuta chenji, bado ananiangalia.

"Kumbe walimfunga maisha, halafu wakampa barabara? Sasa walikosea lini, mama, pale au hapa?"

Nilishindwa kumjibu. Nalileta kwenu, hasa nyie mnaosema jina linatosha.