Dogo anaikana Coastal, nimkomalie au nimuache?

mgosi_wa_tabata
Wakuu habari za jumapili. Nina jambo linanikera, wife ananicheka tu, nikaona nilete huku.

Mi mtu wa Tanga, nimezaliwa Ngamiani, Dar nipo tangu 2006. Kwetu ni Coastal Union basi, hakuna aliyeulizwa. Mzee wangu alikuwa anatupeleka Mkwakwani kwa miguu mimi na kaka yangu, na ubingwa wa 1988 ndio kalenda yake, ukimuuliza chumba cha uani kilijengwa lini anakwambia miaka miwili kabla ya ubingwa, ukimuuliza mdogo wetu kazaliwa lini anakwambia ubingwa ulikuwa una mwaka mmoja. Na ubingwa wenyewe ndio huo huo mmoja, hatujapata mwingine.

Sasa mwanangu ana miaka 9. Nimemnunulia jezi, anaivaa kweli, moyo wangu mweupe. Juzi nimesimama dukani nanunua luku namuona uwanjani na wenzie wanapiga chandimu, akapita boda akampigia kelele "Mnyamaaa!" dogo akanyoosha mkono juu na yeye "Mnyamaaa!" Nikasogea. Kumbe kawaambia wenzie ile ni jezi ya Simba ya zamani, si nyekundu na nyeupe vile vile, na nembo ya Coastal kaibandika plasta ya kidonda juu, ati imechanika!!

Kumuuliza nyumbani akaniambia "baba shuleni wote ni Simba au Yanga, nikisema Coastal wananiuliza hilo basi linaenda wapi".

Mzee hajui. Kila jumapili anapiga simu kutoka Tanga, "mjukuu wangu kauona mpira?" Namjibu kauona. Mpaka lini nitadanganya? Nimkomalie au nimuache?

Mwananchi Halisi
Hilo basi linaenda wapi 😂😂😂 huyo mtoto ana akili mpeni ubunge

Mkuu muache tu, mtoto wa Dar kumpa Coastal ni kumtafutia vidonda vya tumbo. Ila heshima yenu naijua, ile fainali ya FA 2022 pale Sheikh Amri Abeid sitaisahau, sisi Yanga tumeshachukua ligi tunaenda Arusha kubeba kombe la pili kama tunaenda kuchukua nguo kwa fundi, mshambuliaji wenu Sopu akatupiga matatu peke yake. Tatu tatu. Mi nilitoka kibanda umiza nikakaa kwenye kiti cha muuza chipsi, penalti nikazisikilizia nje. Tulishinda lakini jasho lililonitoka siku hiyo makolo wa Simba hawajawahi kunitoa.

Mnyama wa Temeke
@Mwananchi Halisi utopolo wa Yanga mna maneno. Nyie hamjawahi kutolewa jasho na sisi? Haya.

Mleta mada pole kaka, kwanza ahsanteni kwa kocha Mgunda, alitoka kwenu akatufaa sana Simba. Mimi nakwambia komaa. Mwanangu wa kwanza alianza darasa la kwanza 2013, ndio tumetoka kuwapiga watani tano bila na kubeba ligi 2012, nikamwambia mwanangu umeingia nyumba ya raha. Weee. Ubingwa wa ligi kauona yuko la sita, 2018. Miaka yote hiyo Yanga au Azam wanabeba, anarudi shule kanuna, mara moja alirudi kafungwa kitambaa cha kijani mkononi na wenzake kwa nguvu. Sikumwambia lolote, nilimpikia chapati tukakaa kimya. Leo ukimgusa Simba mnapigana.

mgosi_wa_tabata
@Mnyama wa Temeke sawa mzee lakini wewe ulisubiri miaka sita, sisi tangu 1988. Nikipika chapati kila tukifungwa unga utaisha Bakhresa.

kijana wa data
Nachukia kusema ila watoto wa siku hizi hawashabikii timu wanashabikia mchezaji. Mdogo wangu alikuwa Barcelona, Messi akaondoka naye akaondoka. Kumrithisha mtoto timu ni kumrithisha presha. Achague mwenyewe.

Dada wa Lindanda
@kijana wa data achague mwenyewe kati ya nini na nini? Huyo mtoto hajachagua Simba kaka, kaogopa kuchekwa. Ni vitu viwili tofauti.

Mi ni mwanamke naishi Kigamboni na ni Pamba ya Mwanza, ndio, TP Lindanda, cheka umalize. Baba alikuwa Mwanza enzi zile wanachukua ubingwa wa Muungano 1990. Mimi nimekua wameshaanza kuporomoka. Baba hakuwahi kuniambia shabikia Pamba hata siku moja, wala sikumbuki kama alininunulia hata kofia. Kazi yangu ilikuwa betri. Redio yake ilikula betri nne kubwa, zikichoka nazianika juu ya bati tangu asubuhi, nazigeuza kama dagaa, jioni mpira ukianza nampelekea bado za moto anazipangusa kwenye msuli anaweka. Sasa ukishaanika betri kutwa utaondoka bila kusikiliza? Unakaa. Majina ya wachezaji niliyajua hivyo, na matusi machache pia.

Wakashuka. Miaka 23 hawapo ligi kuu. Baba kafariki 2016 hajawaona wakirudi. 2024 wamepanda, kaka yangu kanipigia simu kutoka Mwanza, hatukuongea kitu cha maana, yeye anasema "eeh" na mimi nasema "eeh", vocha ikaisha.

Kwa hiyo mgosi mimi naona jezi umeiwahisha. Umempa nguo ya sherehe ambayo hajaalikwa. Mpe kazi kwanza.

mgosi_wa_tabata
@Dada wa Lindanda aisee. Nimeisoma mara mbili. Hapa betri hatuna tuna dekoda, nimpe kazi gani ya kulipia kifurushi 😅

Fundi Mbweni
Kazi anayo, ampeleke uwanjani. Watu mnalalamika Tanga mbali wakati Coastal wanakuja Dar mara kibao kwa msimu, timu ngapi za ligi kuu ziko hapa? Ila usimpeleke kwa Mkapa siku ya Simba, mtamezwa na kelele ataona mko watu hamsini atajificha chini ya kiti. Msubirie siku wanacheza na JKT Tanzania huku kwetu Mbweni, Isamuhyo. Uwanja mdogo, unamsikia kipa anavyowagombeza mabeki wake. Na wagosi, watu wa Tanga wa hapa Dar, wote wanakuja kukaa pamoja, wanaongea kile kiswahili chenu cha kuvuta, dogo ataona kumbe hili basi lina abiria.

mgosi_wa_tabata
Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita samahani kazi.

Mbweni bado, ratiba haijaangukia. Ila ushauri wa dada wa Lindanda niliufanya kwa namna yangu. Jumapili mzee alipopiga nikampa dogo simu nikamwambia leo wewe ndiye utampa babu matokeo, mimi naoga. Sikuoga, nilisimama mlangoni. Dogo akasoma matokeo, tulikuwa tumefungwa, mzee akaguna halafu akaanza zile zake. Akamhadithia ule msimu wa 2015/16 ambao timu tatu zilishuka na zote tatu za Tanga, sisi, African Sports na Mgambo, mkoa mzima ukabaki bila timu ligi kuu. Mimi hiyo naificha kama aibu ya ukoo, mzee anaisimulia anacheka mpaka anakohoa, jinsi mtaani waliokuwa wanatambiana na watu wa Sports miaka yote wakakutana kahawani asubuhi hakuna wa kumcheka mwenzie, wakanywa kahawa kimya, muuza kahawa akawauliza kuna msiba?

Dogo kakaa na simu dakika arobaini sikio limekuwa jekundu. Halafu nikamsikia anauliza, "sasa babu, tulirudije?"

Tulirudije. Nimesimama mlangoni na taulo begani kama mjinga.

Mzee akamwambia hiyo ya 2018 ni ndefu, atamalizia jumapili ijayo.

Mwananchi Halisi
Ameshaingia huyo, poleni sana 😂 plasta katoa?

mgosi_wa_tabata
Wapi. Jana nimempita uwanjani, jezi bado ya Simba. Ila plasta imebanduka upande mmoja na hajairudishia.