Buibui warukao na nyota kwa lenzi ya 50mm: wapi nakosea?

KiwaviKijani
Wakuu, habarini. Nina kamera ya sensa ya APS-C (ndogo kuliko ile ya fremu kamili), lenzi ya 18-55mm f/3.5-5.6, nyingine ya 50mm f/1.8, tripodi na flashi moja ya kupachika juu. Napenda kupiga wadudu na buibui wadogo mchana, na anga usiku. Kwa buibui natumia pete za kurefusha lenzi (12, 20 na 36mm) kwenye ile ya 50mm. Jicho moja linatoka kali, mwili uliobaki wote ni ukungu, hata nikijaribu kufunga tundu la kupitishia mwanga (yaani kuongeza namba ya f/). Kwa nyota, sekunde 30 zinatoa vistari. Nikipunguza muda, picha inakuwa giza. Na ningependa sana kumpata chura na Njia Nyeupe (ule ukanda mweupe wa nyota) katika fremu moja. Yanawezekana haya bila lenzi mpya?

PanziMkimya
Yanawezekana. Kwanza angalia pete zako kwa ndani: zina vile vidoti vya rangi ya dhahabu vinavyopeleka umeme kwenye lenzi? Kamera ikiandika 00 au vistari mahali pa namba ya tundu, basi haina mawasiliano na lenzi.

KiwaviKijani
Hazina, mkuu. Inaandika 00.

PanziMkimya
Hapo ndipo shida ilipo. Lenzi ya tundu la umeme ikikosa mawasiliano hubaki wazi kabisa, kwa hiyo unapiga f/1.8 kila mara. Kwa ukuzaji wa 1:1 (taswira kwenye sensa ina ukubwa ule ule wa buibui mwenyewe), kina cha fokasi, yaani unene wa sehemu inayotoka kali, kwenye f/1.8 hakifiki hata milimita 0.2. Tafuta pete zenye viunganishi. Ukiwa bado na hizo, baadhi ya kamera zinakubali ujanja huu: pachika lenzi bila pete, weka f/8, shikilia kitufe cha kukagua kina cha fokasi, kisha chomoa lenzi kabla hujakiachia. Tundu litabaki limefungwa pale pale.

Usikimbilie f/16. Gawanya urefu wa pete kwa urefu wa lenzi upate ukuzaji: 12 na 36 ni 48mm, kwa 50mm unapata karibu 1:1. Katika ukuzaji huo f/8 inafanya kazi kama f/16, na f/11 kama f/22. Kupita hapo mwanga unatawanyika kwenye tundu dogo na picha nzima inalainika. Kaa kati ya f/8 na f/11. Hata hivyo kina chako hakitafika milimita moja, kwa hiyo chagua pa kukitumia: yale macho mawili makubwa ya mbele. Jipange hadi uso wake uwe sambamba na sensa, ndipo yote mawili yaingie.

Fokasi ya otomatiki izime. Weka pete ya fokasi mahali pamoja, kisha sogeza mwili wako mbele polepole huku ukipiga mfululizo mfupi. Egemeza mkono wa kushoto kwenye jani au shina lile lile alilokaa, ili upepo ukivuma myumbe pamoja.

Mwanga utoke kwenye flashi: shata (muda wa kuingiza mwanga) sekunde 1/160, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 200, nguvu ya flashi 1/16. Kwa nguvu ndogo hivyo mmweko ni mfupi kiasi kwamba ndio unaogandisha mwendo, si shata. Lakini flashi tupu itakupa doa kali jeupe kwenye kila jicho. Weka karatasi nyeupe au sponji nyembamba ya kufungashia vitu kati ya flashi na buibui, na uisogeze karibu naye uwezavyo. Kadiri uso wa mwanga unavyokuwa mkubwa ukilinganisha naye, ndivyo vivuli vinavyolainika.

Na tafadhali usimweke mdudu kwenye friji ili atulie. Alfajiri, kabla jua halijapasha majani, wengi wanatulia wenyewe.

Kilimia
Nichukue upande wa anga. Kanuni ya 500 (gawanya 500 kwa urefu wa lenzi upate sekunde za kupiga bila vistari) imeenea, ila kwa sensa za leo ni ya ukarimu mno. Tumia 300: gawanya 300 kwa urefu wa lenzi uliozidishwa kwa 1.5 ya sensa yako (baadhi ya kamera ni 1.6). Kwa 18mm unapata sekunde 11, kwa 50mm sekunde 4. Nyota zilizo karibu na ikweta ya anga ndizo zinazokimbia kwa haraka zaidi, kwa hiyo ukielekeza huko usiongeze hata kidogo.

Anza na 18mm, f/3.5, sekunde 11, ISO 3200, faili la RAW (ghafi), usiku usio na mwezi. Itaonekana giza na yenye chembechembe. Dawa yake si kurefusha muda: piga fremu 16 mfululizo, kisha zipange nyota zilingane na uziwekee wastani kwenye programu. Chembechembe zinashuka hadi robo. Ukitumia 50mm funga hadi f/2.8, kwa sababu f/1.8 nyota za pembeni zinaota mabawa.

Alama ya mwisho kwenye pete ya fokasi usiiamini, lenzi nyingi zinapita hapo. Kuza nyota angavu mara 10 kwenye skrini, zungusha hadi iwe nukta ndogo kabisa, kisha bandika utepe wa karatasi wenye gundi kwenye pete ili isisogee. Zima kitulizi cha lenzi (kinachopunguza mtikisiko) na tumia kipima muda cha sekunde 2.

Nyota zikianza kuvimba katikati ya kazi, mulika kioo cha mbele kwa upande: mara nyingi ni umande. Ukanda wa kupasha lenzi joto unauzuia. Kuufuta umande kunasaidia dakika chache tu.

PanziMkimya
Kuhusu chura: kwa 18mm f/3.5, ukiweka fokasi sentimita 25 mbele, nyota zinageuka madoa. Unahitaji fremu mbili bila kugusa tripodi. Ya kwanza chura kwa f/8 na flashi, mimweko miwili au mitatu basi, umwache. Ya pili nyota, akishaondoka, na hapa tawi alilokuwa amekaa lishushe nje ya fremu. Likibaki litaonekana la ukungu na pana kuliko lile kali la fremu ya kwanza, na kingo zake hazitafutika vizuri wakati wa kuunganisha. Ukiichapisha, andika kwamba ni fremu mbili.