Wameuza shirika na kanda za wazee wetu, majina wakayaacha nje

Wakuu, nina hasira na leo nasema yote.

Jumamosi nilikuwa soko la Majengo hapa Dodoma, kwenye kibanda cha kuwekea nyimbo kwenye flash. Ukapigwa wimbo wa zeze, nikasimama palepale. Ni baba yangu. Anavyolivuta zeze mara mbili kabla hajafungua kinywa, uvutaji huo naujua tangu nikiwa mtoto Chamwino. Nikaomba kuona kwenye simu ya kijana: jina la mwimbaji hakuna, ila jina la kampuni lipo. Ni hao waliochukua studio na kanda za shirika la umma miaka ya 90, vyama vingi vilipoingia na mashirika yakawa yanauzwa.

Santuri yenyewe tunayo nyumbani, ile ndogo ya nyimbo mbili. Palipotakiwa jina la mtunzi pameandikwa neno moja tu: "Asili", yaani eti ni wimbo wa jadi usio na mtunzi. Asili ya nani? Wimbo ule baba aliutunga 1973, TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma. Anawaambia wageni waje wakijua kwamba Ugogo maji ya kiangazi yanachimbwa kwenye mchanga wa korongo. Babu yake angeyatunga wapi hayo?

Dar nimekwenda mara mbili kwa nauli yangu. Jibu nililopewa: "Sisi tulinunua kanda, hatukununua madeni." Nikauliza daftari la wasanii liko wapi. Eti halikuwemo kwenye makabidhiano! Viti vilihesabiwa, mashine zikahesabiwa, watu waliotoa sauti zao wakasahaulika.

Na msiniambie kila serikali ikibadilika huwa hivyo. Ujerumani Mashariki walikuwa na lebo ya muziki ya serikali, Amiga. Ukuta wa Berlin ukaanguka 1989, Ujerumani mbili zikaungana, na 1994 nyimbo za Amiga zikanunuliwa na kampuni ya muziki ya BMG. Leo ziko Sony. Mwenye dai lake anajua aende kugonga wapi. Mimi nagonga wapi?

Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mzee amefariki 2004. Hesabu wenyewe. Lakini likishaandikwa "Asili", wimbo unakuwa hauna mwenyewe, na hicho ndicho kichaka chao.

Mama bado yu hai, ana miaka 79. Hajawahi kupokea hata shilingi.

Mwenye santuri za shirika lile, naomba utazame pale katikati. Ukikuta "Asili" na aliyeimba unamjua, weka picha hapa na uandike jina lake.