Sala yangu imekauka, nifanyeje?

Mama Karai: Tumsifu Yesu Kristo. Nakaanga samaki na kuuza hapa Bagamoyo, jirani na soko la ufukweni. Saa kumi alfajiri napiga magoti kabla ya kuwasha kuni. Zamani nikisema Baba Yetu machozi yalinitoka, moyo ukatulia tuli. Tangu Kwaresima iliyopita hakuna kitu. Rozari inapita vidoleni, nikifika tendo la tatu akili imeshatangulia mnadani, inahesabu vibua. Jumapili nilikwenda kukaa pale msalabani ufukweni, walikofikia mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Nikamuuliza Bwana, upo? Kimya. Nataka kukaa ndani yake, sitaki kumaliza zamu tu. Ameniacha, au mimi ndiye niliyemwacha?

Mwanakwaya Tanga: Milele amina. Pole mama. Unalala saa ngapi? Uchovu nao unakausha. Jaribu Zaburi ya 131, ina mistari mitatu tu. Isome polepole, kisha nyamaza.

Katekista Mstaafu: Mama, hujaachwa. Mtakatifu Teresa wa Avila, Mhispania wa karne ya 16, alipita kwenye ukavu huo wa sala miaka mingi, na siku nyingine alikuwa akingoja tu saa ya sala iishe. Ndiye huyo Kanisa lilimtangaza Mwalimu wa Kanisa mwaka 1970! Alifananisha sala na bustani yenye njia nne za kumwagilia: kuteka kisimani kwa ndoo, gurudumu la maji, mfereji wa mto, na mwisho mvua, anayoileta Mungu mwenyewe.

Nina matuta ya mchicha nyuma ya nyumba. Mwezi wa pili kisima kinashuka, kamba inachuna viganja, ndoo inapanda nusu, tena na tope. Namwagia hivyo hivyo, na mchicha unakunywa. Wewe sasa uko kwenye ndoo, mama. Teka. Akili ikikimbilia mnadani usigombane nayo, mwambie Bwana habari za huko huko mnadani, kama unavyomwambia rafiki. Na umwone padre, usibebe peke yako.

Mama Karai: Asante sana baba. Leo nimemweleza Bwana habari za yule mteja wa mkopo anayenikwepa, na za goti langu linalouma. Machozi hayakuja. Ila sikuangalia saa hata mara moja, mpaka mjukuu akaja kuuliza, bibi, mbona moto haujawashwa?