MJADALA: Maana ya kinyago ni ya mchongaji au ya anayekitazama?

Wana Arusha, naomba tujadili hili kwa staha.

Juzi nilipita soko la vinyago, Barabara ya Fire. Nikasimama mbele ya kinyago cha mpingo, kile cha watu waliopandana mabegani kama mnara. Chini kabisa kuna mwanamke mzee amechuchumaa, shingo imezama mabegani kwa uzito, lakini kiganja kimeshika mguu wa mtoto asiteleze. Nikamwona bibi yangu, aliyetulea wajukuu saba kwa kuuza ndizi pale Kilombero. Machozi yakanilenga. Rafiki niliyekuwa naye akanikatiza: "Huo ni Ujamaa wa Wamakonde, maana yake umoja. Usijitungie."

Nakataa, tena kwa moyo wote. Mtindo huu uliasisiwa na mchongaji Roberto Yakobo Sangwani miaka ya 1950, ukaitwa dimongo. Inasimuliwa kuwa alionyesha bingwa wa mieleka aliyebebwa juujuu na wenzake. Jina la Ujamaa lilikuja baadaye, kutokana na siasa ambayo Azimio lake, Azimio la Arusha, lilipitishwa mjini kwetu hapa mwaka 1967. Ikiwa mwanamieleka aliweza kuwa taifa zima, bibi yangu anakosaje nafasi?

— Dada, nimekuelewa, na bibi apumzike kwa amani. Ila mimi nina hofu. Tukisema kila mtu aone lake, mgeni atakitazama, aseme ni mizimu, kisha akasimulie hivyo kwao. Wamakonde wenyewe watabaki wapi? Mchongaji aulizwe kwanza.

— Kaka, hapo kwenye kuuliza tuko pamoja, ndiyo maana nikaitafuta habari ya dimongo. Anayekataa kuuliza hatazami sanaa, anajitazama mwenyewe. Lakini wauzaji nao wamezoea kumpa kila mgeni sentensi moja, "umoja wa familia", na mtu anaondoka hata hajaangalia nyuso. Hilo linaniuma zaidi.

Na niliuliza. Fundi alikuwa pembeni, anakingʼarisha kingine kwa rangi ya viatu. Nikamwambia, huyu mama wa chini ni nani? Akaja, akamfuta vumbi usoni kwa kidole gumba, akanitazama. Akaniuliza bibi yangu alikuwa anaitwa nani.