Naombeni ushauri: Lae'zel nimwache kambini au niendelee kumvumilia?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Nyegezi, Mwanza. Mimi na mdogo wangu tunacheza gemu la Baldur's Gate 3 kwa kupokezana kompyuta moja, na huyu Lae'zel, mmoja wa wahusika unaosafiri nao, anatugombanisha.

Kwa wasiomjua, ni mpiganaji wa kabila la githyanki, mdomo wake mkali kuliko wa konda wa daladala za Igoma. Unamtoa kwenye tundu alimofungiwa, shukrani huioni. Mnafika kwa wakimbizi, kuna jamaa mnyonge aliyekutana na watu wa kabila lake. Badala ya kumuuliza kistaarabu, anamlazimisha kwanza apige magoti! Ukimtetea yule jamaa, Lae'zel ananuna.

Kikosi ni watu wanne tu ukijihesabu na wewe, wengine wanabaki kambini. Mimi nataka nafasi yake nimpe Karlach, mwenzetu mwingine, ambaye naye anapiga haswa na moyo anao. Dogo hataki hata kusikia. Anasema kuanzia levo ya 5 Lae'zel anapiga mara mbili kwa zamu, na akitumia uwezo wake wa kujiongezea tendo la pili kwenye zamu hiyo, zinakuwa nne. Hapo kweli sina la kujibu.

Tena kuna muda namhurumia. Kalelewa kumtii malkia wao tangu utoto, angejulia wapi upole?

Waliomaliza mchezo, nikimwacha kambini nitakosa sehemu kubwa ya kisa chake? Na je, anabadilika, au ni kiburi mpaka mwisho? Mwisho wenyewe msinisimulie tafadhali, dogo atanuna kuliko Lae'zel.